Matumbawe Kati ya Tindikali na Joto

Mwanafunzi apulizapo pumzi kwa mrija ndani ya maji ya chokaa, maji hugeuka meupe kama maziwa. Akiendelea kupuliza, weupe ule hutoweka. Hewa ya ukaa iliyomo katika pumzi kwanza huunda chembe za kaboneti ya kalsiamu, ikizidi, huziyeyusha. Jaribio hili la darasani lafunua shida inayoyakabili matumbawe baharini.

Tumbawe ni kundi la wanyama wadogo waitwao polipi, ambao hujijengea mifupa ya kaboneti hiyo hiyo. Mwamba wao ni kazi ya maelfu ya miaka: humo hupata maskani samaki wengi, na nyuma yake pwani husalimika na mawimbi. Lakini bahari imefyonza sehemu kubwa ya hewa ya ukaa itokanayo na makaa ya mawe na mafuta. Tangu kuanza kwa zama za viwanda, pH ya maji ya juu imeshuka kutoka 8.2 hadi 8.1 hivi. Tofauti hiyo yaonekana ndogo, kumbe ioni za haidrojeni zimeongezeka kwa zaidi ya robo.

Je, polipi hujengaje katika maji hayo? Kati ya ngozi yake na mfupa mna umajimaji kidogo. Polipi husukuma nje ioni za haidrojeni na kuingiza za kalsiamu, hata pH ya humo ikapita ile ya bahari, na mfupa ukaganda. Kazi hiyo yataka nishati. Na kadiri tindikali izidivyo, ndivyo nishati itakiwayo izidivyo.

Nishati hiyo hutoka hasa kwa mwani wa seli moja uishio mwilini mwa polipi, ukimlisha sukari ya usanisinuru. Hapo ndipo joto liletapo maafa. Maji yakipita joto la kawaida la msimu wa kaskazi kwa digrii moja tu, kwa majuma kadhaa, mwani hutoka. Tumbawe hupauka, na huweza kufa kwa njaa. Ndivyo yalivyokufa matumbawe mengi ya Mafia na Misali mwaka 1998. Magharibi mwa Bahari ya Hindi, upaukaji ulirudi mwaka 2016 na 2024.

Baadhi ya matumbawe hupokea mwani ustahimilio joto, ingawa aghalabu huyalisha kwa uchache, yakakua polepole. Basi tindikali humwongezea mjenzi kazi, na joto humnyang'anya chakula. Kuuepusha mwamba na baruti na nyavu za kukokota huupa nafasi ya kupona. Lakini pasipo kupunguza hewa ya ukaa, nafasi hiyo itazidi kuwa fupi.