Kwa nini opereta huuliza mpangilio wa liva kabla ya kuchimba

Mkazi wa Kakuyuni anayekodi mashine ili kuchimba shimo la choo, msingi wa nyumba au bwawa la maji ya mvua kwa kawaida huuliza maswali matatu: saa moja ni shilingi ngapi, dizeli ni ya nani, na opereta ana uzoefu wa miaka mingapi. Lipo swali la nne ambalo wachache hulifikiria: je, opereta huyu amezoea mpangilio wa liva za mashine hii?

Swali hilo si la mafundi peke yao. Mashine mbili zinazofanana rangi, ukubwa na hata kampuni zinaweza kutii mikono kwa njia tofauti. Opereta hodari kwenye moja anaweza kuwa hatari kwenye nyingine, na anayeumia mara nyingi ni yule aliyesimama mtaroni. Makala haya yanaeleza tofauti hiyo ni ipi, imetoka wapi, na mkazi au kamati ya mradi inaweza kufanya nini.

Mkono wa mashine ukoje?

Eskaveta ina mkono mmoja wenye sehemu tatu. Njia rahisi ya kuuelewa ni kuutazama mkono wako mwenyewe. Kutoka begani hadi kwenye kiwiko ni bumu, ule mkono mkubwa unaoinuka na kushuka. Kutoka kwenye kiwiko hadi kifundoni ni dipa, mkono mdogo unaonyooshwa mbele au kuvutwa kumwelekea opereta. Kiganja ni ndoo, inayojikunja kubeba udongo na kufunguka kuumwaga. Kazi ya nne ni ya kiuno: mashine hugeuka kushoto au kulia.

Kazi hizo nne huendeshwa kwa liva mbili, moja kila upande wa kiti. Kila liva husukumwa mbele, nyuma, kushoto na kulia, hivyo kila mkono wa opereta una kazi mbili. Tofauti inaanzia hapa: ni kazi ipi imepewa mkono upi?

Mipangilio miwili mikuu

Mpangilio wa kwanza huitwa ISO, jina la shirika la kimataifa la viwango ambalo Kenya ni mwanachama kupitia Shirika la Viwango la Kenya, KEBS. Wa pili huitwa SAE, jina la chama cha wahandisi cha Marekani. Wengine huuita wa kwanza mpangilio wa eskaveta na wa pili mpangilio wa bakho.

Kwanza tuanze na yasiyobadilika. Katika mipangilio yote miwili, liva ya kushoto ikisukumwa kushoto au kulia, mashine hugeuka upande huo. Liva ya kulia ikisukumwa kushoto, ndoo hujikunja. Ikisukumwa kulia, ndoo hufunguka.

Kinachobadilishana ni bumu na dipa:

- Katika ISO, mkono wa kushoto hushika dipa. Liva ya kushoto ikienda mbele, dipa hunyooka. Ikivutwa nyuma, dipa hurudi kwa opereta. Mkono wa kulia hushika bumu. Liva ya kulia ikienda mbele, bumu hushuka. Ikivutwa nyuma, bumu huinuka.
- Katika SAE, mkono wa kushoto hushika bumu. Liva ya kushoto ikienda mbele, bumu hushuka. Ikivutwa nyuma, huinuka. Mkono wa kulia hushika dipa. Liva ya kulia ikienda mbele, dipa hunyooka. Ikivutwa nyuma, hurudi.

Kwa maneno mengine, nusu ya kazi ziko palepale na nusu zimehamia mkono wa pili. Ndiyo maana kosa halionekani mara moja. Opereta anapanda, anageuza mashine, anafungua ndoo, kila kitu kinamtii. Anaamini yuko nyumbani, hadi pale anapotaka kuinua bumu.

Kila mmoja na sababu zake

Ukiwakalisha maopereta wawili chini ya mwembe na kuwauliza mpangilio ulio bora, huenda jioni ikafika bila jibu. Kila mmoja ana hoja.

Aliyezoea SAE atakwambia kwamba kuchimba kwenyewe ni kuvuta dipa huku ukikunja ndoo, na kwamba katika mpangilio wake kazi hizo mbili ziko mkono mmoja wa kulia. Ndoo ikijaa, mkono wa kushoto peke yake huinua bumu na kugeuza mashine kwenda kumwaga. Mkono mmoja huchimba, mwingine hubeba.

Aliyezoea ISO atajibu kwamba kwake mikono yote miwili hushirikiana wakati wote. Kushoto kunavuta dipa, kulia kunakunja ndoo, na ndoo ikishajaa mkono huohuo wa kulia unainua bumu huku ukiendelea kuikunja ili udongo usimwagike. Ataongeza kwamba eskaveta nyingi za kisasa hutoka kiwandani na ISO.

Wote wawili wana haki. Hakuna mpangilio unaochimba zaidi ya mwingine. Kinachoamua upendeleo wa opereta kwa kawaida ni mashine aliyojifunzia. Aliyeanzia kwenye bakho hupenda SAE; aliyeanzia kwenye eskaveta hupenda ISO. Baada ya saa nyingi kazini, mikono hufanya bila kuambiwa, kama vile mwanabodaboda asivyofikiria gia anapopanda mlima. Mpe pikipiki ambayo gia zake hupanda kwa kuinua mguu ilhali amezoea za kukanyaga, na utaona anavyohangaika. Dereva aliyezoea magari ya Japani akipanda gari la Ulaya huwasha waipa akidhani anawasha taa ya kukata kona. Tofauti ni kwamba waipa haimjeruhi mtu.

Hatari iko wapi hasa?

Tuchukue mfano wa mtaro wa bomba la maji kando ya barabara itokayo Malindi kupitia Kakuyuni kuelekea lango la Sala la Hifadhi ya Tsavo Mashariki. Ndani ya mtaro kuna kibarua anayesawazisha udongo kwa jembe. Opereta anataka kunyoosha dipa ili ndoo ipite mbele ya kibarua huyo. Akiwa na mikono ya ISO kwenye mashine ya SAE, anasukuma liva ya kushoto mbele. Dipa hainyooki. Bumu inashuka.

Geuza mfano. Opereta mwenye mikono ya SAE yuko kwenye mashine ya ISO. Anataka kunyoosha dipa, anasukuma liva ya kulia mbele, na bumu inashuka vilevile. Kwa hiyo kosa hili lina sura moja kote: anayetaka kufika mbele huteremsha mkono wote chini.

Kosa la pili nalo ni hivyo hivyo. Anayetaka kuinua bumu haraka, labda kwa kuwa ameona bomba au waya, huvuta liva aliyoizoea nyuma. Badala ya mkono kuinuka, dipa inavutwa kuelekea kwake na ndoo inakwangua au kung'oa kilekile alichotaka kukiepuka. Bomba likipasuka, mtaa mzima hukosa maji. Waya ukikatika, hatari ni kubwa zaidi.

Opereta makini anaweza kuchimba taratibu kwa mpangilio asiouzoea na asikosee asubuhi nzima. Lakini akishtuka, kwa mfano mtoto akikatiza ghafla, mikono hurudi kwenye mazoea ya kwanza. Ndiyo sababu opereta anayekataa kuanza kazi kabla ya mpangilio kubadilishwa au kabla ya kupewa muda wa kujaribu hafai kuitwa mkaidi wala mvivu. Anafanya kazi yake.

Kwa nini mashine zetu hazifanani?

Mashine zinazochimba katika wadi zetu hutoka sehemu nyingi za dunia, na nyingi zilitumika kwingine kabla ya kufika Pwani. Viwango vya pamoja vilikuja baada ya viwanda kuwa na desturi zao. Nchini Japani, kampuni kama Komatsu, Kobelco na Mitsubishi ziliwahi kuwa na mipangilio tofauti kabla ya nchi hiyo kuelekea kwenye kiwango kimoja. Eskaveta ya mtumba inaweza kufika na mpangilio wa kiwanda, au ule aliopenda mwenyewe wa zamani.

Bakho ina historia yake. Hili ni trekta lenye sepetu kubwa mbele na mkono wa kuchimbia nyuma, ambalo wengi wetu tunaliita JCB. JCB ni kampuni ya Uingereza iliyoanzishwa mwaka 1945 na Joseph Cyril Bamford, na bakho zake za kwanza zilianza kutoka mwaka 1953. Jina la kampuni limekuwa jina la mashine, hata ile iliyotengenezwa na kampuni nyingine. Baadhi ya bakho za zamani hazina liva mbili bali tatu au nne, na nyingine hugeuzwa kwa pedali za miguu. JCB yenyewe imewahi kutoa mpangilio ambao liva husukumwa kwa mshazari, mfano wa herufi X. Opereta wa eskaveta asidhani bakho ni mashine ndogo isiyomhitaji kujifunza upya.

Je, mpangilio unaweza kubadilishwa?

Katika mashine nyingi, ndiyo. Eskaveta nyingi za miaka ya karibuni zina valvu ya kubadilisha mpangilio, ambayo huweza kuwa chini ya sakafu ya kebini, chini ya kiti au nyuma ya kifuniko cha pembeni. Baadhi ya bakho mpya zina swichi ndani ya kebini. Mashine isiyo na valvu hiyo humhitaji fundi wa haidroliki ahamishe mipira ya mafuta, kazi ambayo opereta hapaswi kuijaribu mwenyewe.

Urahisi huu una mtego wake. Opereta wa zamu ya asubuhi anaweza kubadilisha valvu kisha akaondoka bila kusema. Kibandiko kilicho ndani ya kebini kikabaki kikionyesha ISO ilhali mashine iko kwenye SAE. Kwa hiyo kibandiko ni cha kusomwa, lakini kuthibitisha ni kwa kujaribu.

Mambo ya kuzingatia

Kwa mkazi anayekodi mashine: unapopiga simu, uliza kama opereta anayekuja ndiye huiendesha mashine hiyo kila siku. Kama ni mgeni kwayo, kubalianeni kwamba dakika za kuijaribu hazitahesabiwa kama saa ya kuchimba.

Kwa kamati za miradi na wasimamizi wa kazi: kila opereta anapobadilishwa, kazi isimame kwanza. Mtu yeyote asiwe mtaroni wala karibu na mashine hadi opereta mpya ajaribu liva zote polepole, ndoo ikiwa mahali pa wazi. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 inamtaka mwajiri atoe mafunzo na usimamizi kwa wanaotumia mashine hatari, na mpangilio wa liva ni sehemu ya mafunzo hayo.

Kwa opereta: soma kibandiko, kisha jaribu. Ukibadilisha mpangilio, badilisha na kibandiko, na umwambie anayekupokea. Ukitoka kitini hata kwa dakika moja, teremsha ndoo chini na ufunge liva ya usalama ili mashine isitii mguso wa bahati mbaya.

Kwa vijana wanaotaka kazi hii: leseni ya udereva daraja G ndiyo ya mitambo ya viwanda, ujenzi na kilimo, na Mamlaka ya Kitaifa ya Mafunzo ya Viwandani, NITA, hutoa vyeti vya ufundi. Unapojifunza, uliza unafundishwa mpangilio upi. Ushike huo hadi mikono ikubali, kisha ujifunze wa pili mahali pasipo na watu. Ukiulizwa na mwajiri, sema wazi unaoujua. Anayejua yote miwili ana nafasi zaidi ya kupata kazi.

Kwa wazazi: mashine inapofika kijijini watoto hukusanyika kutazama. Mwacheni mtoto atazame akiwa mbali, mahali ambapo mkono wa mashine haufiki hata ukinyooshwa wote na kugeuzwa. Eskaveta huzunguka duara nzima, kwa hiyo nyuma yake si salama kuliko mbele.