Karatu si mahali pa kuchimba dawa tu

KILA asubuhi, kabla jua halijapasha bati za maduka, magari ya watalii huipita Karatu mjini moja baada ya jingine. Yanasimama kidogo kujaza mafuta, abiria wanachimba dawa, mmoja wao ananunua maji, kisha safari inaendelea hadi Lango la Lodoare, mlango wa Ngorongoro. Jioni magari hayohayo yanarudi, wageni wanakula chakula cha hotelini, wanalala. Kesho yake hawapo.

Hivyo ndivyo wengi wanavyoijua Karatu: mji wa kupita. Lakini kwa mtu wa mazoezi, awe wa klabu ya kukimbia ya Dar es Salaam, mwendesha baiskeli wa Arusha au shabiki aliyechoka kukaa mbele ya televisheni kila wikiendi, mji huu ni zaidi ya hapo. Siku mbili tu zinamtosha kuutoa mwili jasho na kuulipa kwa sahani ya haki.

MIGUU YA HAPA ILISHASHINDA DUNIA

Aliyezaliwa Karatu mwaka 1953 ni Filbert Bayi. Februari 2, 1974, kwenye Michezo ya Jumuiya ya Madola mjini Christchurch, New Zealand, alitoka mbele tangu mlio wa bastola na hakumpisha mtu hadi mwisho. Mita 1,500 alizimaliza kwa dakika 3:32.2, rekodi ya dunia. John Walker wa New Zealand, aliyemaliza wa pili, naye alikimbia chini ya rekodi ya zamani, lakini bado aliuona mgongo wa Bayi tu.

Mwaka uliofuata, mjini Kingston, Jamaica, Bayi akavunja pia rekodi ya maili moja kwa dakika 3:51.0. Mwaka 1980 akaleta medali ya fedha ya Olimpiki ya Moscow katika mita 3,000 kuruka viunzi na maji.

Wakati huo Karatu ilikuwa bado sehemu ya Wilaya ya Mbulu, nyumbani kwa John Stephen Akhwari, yule aliyemaliza marathoni ya Olimpiki ya Mexico 1968 huku mguu umefungwa bandeji. Kwa hiyo anayefunga kamba za raba Karatu anakimbia kwenye ardhi yenye historia yake.

SIKU YA KWANZA: KILIMA HAKINA UTANI

Kutoka Arusha hadi Karatu ni kilomita 140 hivi, lami mwanzo mwisho. Basi au Noah inapita Makuyuni, inafika Mto wa Mbu penye ndizi nyekundu, halafu inaanza kuupanda ukuta wa Bonde la Ufa. Ziwa Manyara linabaki chini kama shuka lililoanikwa. Hapo juu hewa inabadilika.

Karatu ipo mita 1,500 hivi juu ya usawa wa bahari. Aliyetoka Pwani atalijua hilo ndani ya kilomita ya kwanza: pumzi inakata mapema, miguu inakuwa mizito. Wakimbiaji wanaoijua miinuko wana kanuni rahisi: siku ya kwanza usijifanye mbabe. Kimbia taratibu, kunywa maji, mwili uzoee kwanza.

Njia zipo za kutosha. Barabara za vumbi jekundu zinazokwenda Ayalabe, Tloma na vijiji vingine zinapanda na kushuka katikati ya mashamba ya mahindi, maharage, mbaazi na ngano. Baiskeli inafaa, miguu inafaa zaidi. Kati ya Juni na Agosti baridi ya asubuhi inauma, sweta ni lazima. Masika, ule udongo mwekundu unageuka gundi na raba inarudi na kilo nzima ya tope.

Karibu na msitu, alfajiri si saa ya kukimbia. Tembo na nyati hutoka usiku kuingia mashambani, na hao huwezi kuwaomba njia. Subiri kukuche, ongozana na mwenyeji.

SAHANI INAYOREJESHA NGUVU

Baada ya jasho, njaa. Hapa Karatu haina deni na mtu. Mbuzi wa kuchoma, ugali wa dona, maharage, mboga za majani na maziwa mgando ni chakula cha kawaida kabisa, na ndicho hasa mwili wa mwanamichezo unachokitaka: wanga wa kurudisha nguvu, protini ya kujenga misuli. Kachumbari yake mara nyingi ina vitunguu vya Mang'ola, bonde lililo chini kule upande wa Ziwa Eyasi, ndani ya wilaya hiyohiyo.

Asubuhi kuna kahawa. Miteremko ya Oldeani na Karatu inalima arabika tangu zama za walowezi wa Kijerumani, na baadhi ya mashamba hupokea wageni, wakatembezwa kati ya mibuni hadi penye kikaango.

Ukibahatika kukuta siku ya mnada, usiulize hoteli. Fuata moshi. Wairaqw, Wadatoga na Wamasai wanakutana hapo na mifugo yao, na nyama unachagua mwenyewe ikiwa bado inaning'inia.

SIKU YA PILI: MSITUNI NA KRETANI

Nje kidogo ya mji, ndani ya msitu wa Hifadhi ya Ngorongoro, kuna njia ya miguu ya kwenda Mapango ya Tembo na maporomoko ya Endoro. Mapango hayo yamechimbwa na tembo wenyewe, wanaokwangua udongo kwa pembe kutafuta madini ya chumvi. Ni matembezi ya saa chache, lakini ni ya kupanda na kushuka, na huruhusiwi kwenda bila askari wa hifadhi mwenye silaha.

Anayetaka zaidi anaweza kupanda Olmoti, yalipo maporomoko ya Mto Munge, au kushuka hadi ziwa la kreta ya Empakaai, ambako kushuka ni raha na kupanda ndiyo mechi yenyewe.

Kreta kubwa nayo haikosi kuonwa. Ina kilomita za mraba 260 hivi, na kuta zake zina kina cha mita 600. Mule chini hakuna kukimbia: unashuka kwa gari, unatoka nje sehemu zilizoruhusiwa tu, kama Ngoitokitok. Hata hapo linda mkate wako, maana mwewe wa pale wana kasi kuliko winga yeyote wa Ligi Kuu.

NANI ANAFAIDIKA?

Gari linalopita linaacha vumbi. Mtu anayelala siku mbili anaacha hela kwa mama lishe, kwa kijana mwenye baiskeli za kukodisha, kwa mwongozaji wa kijijini na kwa mkulima wa kahawa.

Nafasi za kuwavuta watu hao zipo. Kila Desemba, kwa miaka mingi, Taasisi ya Filbert Bayi imekuwa ikiandaa tamasha la michezo na utamaduni Karatu, lenye riadha, baiskeli, soka, wavu na ngoma. Mbio za Ngorongoro Marathoni nazo zimekuwa zikianzia Lango la Lodoare na kumalizikia mjini. Lakini tamasha ni siku chache, na mwaka una wikiendi 52. Klabu za mijini zinazosafiri kila mwezi kutafuta medali ya kushiriki zinaweza kuja hapa hata bila bango la mdhamini.

Na zikija, zijiandae kuaibika kidogo. Kwenye kilima chochote cha Karatu, mgeni mwenye raba mpya na saa ya kupima mapigo ya moyo hujikuta na wenzake wasioalikwa: watoto watatu au wanne wenye sare za shule, mmoja kandambili mkononi. Wanakimbia naye, wanacheka, wanamuuliza anatoka wapi. Halafu kilima kinapokaza wanamuacha, na wanamsubiri juu.