Injini nyingine kwenye pikapu kuukuu: pima kabla ya kulipa

PIKAPU ya zamani ikianza kutoa moshi wa bluu katikati ya msimu, mkulima hujikuta njia panda. Mazao yako shambani, mnunuzi anasubiri mjini, na fundi ameshatoa hukumu kuwa injini imekwisha. Gari jipya halishikiki bei, na kuliuza hilo lililopo kama chuma chakavu ni kutupa mtaji.

Kwa wakulima wa vitunguu wa Mang'ola, katika bonde la Ziwa Eyasi wilayani Karatu, hali hiyo si ngeni. Pikapu za dizeli za miaka ya 1980 na 1990 bado ni msaada mkubwa mashambani. Bodi na chesisi zake hudumu, lakini mzigo, joto na vumbi havioni huruma kwa injini.

Suluhisho linalofikiriwa kwanza na wengi ni kuweka injini nyingine. Ni uamuzi wa busara mara nyingi, lakini pia ni mlango ambao fedha ya msimu mzima inaweza kupotelea, iwapo mwenye gari hatapiga hesabu na kupima kabla ya kulipa.

Hesabu ya safari 125

Tuchukue mfano. Tuseme pikapu ya tani moja inabeba magunia 10 ya vitunguu ya kilo 100, bila lumbesa, na soko liko umbali wa kilomita 50. Gari la kukodi linatoza Sh 8,000 kwa gunia, sawa na Sh 80,000 kwa safari.

Mkulima akitumia gari lake lenye injini nzima inayokwenda kilomita 10 kwa lita, safari ya kwenda na kurudi itakula lita 10. Kwa bei ya Sh 2,800 kwa lita, hiyo ni Sh 28,000. Akitenga Sh 12,000 kwa ajili ya matairi, oili na matengenezo, gharama inafika Sh 40,000. Anaokoa Sh 40,000 kila safari.

Kama kazi nzima ya kubadili injini imemgharimu Sh 5,000,000, atahitaji safari 125 ili kurudisha fedha yake. Kwa safari tatu kwa wiki, hizo ni wiki 42. Kwa maneno mengine, injini ifanye kazi karibu mwaka mzima ndipo ianze kumpa faida.

Injini hiyo ikifa baada ya miezi mitatu, atakuwa amekwenda safari kama 39 na kuokoa Sh 1,560,000 tu. Sh 3,440,000 zitakuwa zimepotea, na gari litakuwa limerudi juu ya mawe. Kila mmoja aweke bei za kwake kwenye hesabu hii, lakini swali litabaki lile lile: je, injini hii itafika safari ya 125?

Je, kweli injini imekwisha?

Kabla ya kutafuta injini, ni vizuri kuhakikisha kuwa iliyopo imekufa kweli. Moshi mweusi kwa kawaida ni dizeli nyingi au hewa kidogo, na tiba yake inaweza kuwa chujio jipya la hewa au kusafisha nozeli. Moshi mweupe unaoambatana na maji kupungua kwenye rejeta huashiria gasketi ya silinda hedi iliyoungua au hedi iliyopasuka. Hayo ni matatizo makubwa, lakini hayalazimishi kununua injini nzima.

Moshi wa bluu ndio wa kuogopa zaidi, kwa kuwa ni oili inayoungua. Fundi afungue kifuniko cha kujazia oili injini ikiwa inanguruma. Ikiwa inapumua kwa nguvu na kurusha oili, basi ringi na silinda zimelika.

Kipimo cha uhakika ni geji ya kompresheni, inayofungwa kwenye kila silinda kwa zamu. Kwa injini za dizeli za Toyota za familia ya L, ambazo ni 2L, 3L na 5L, silinda nzima husoma zaidi ya paundi 400 kwa inchi ya mraba, na ikishuka hadi karibu 280 imefikia mwisho wake. Tofauti kati ya silinda moja na nyingine nayo isizidi paundi 70 hivi. Kipimo hiki hakichukui hata nusu siku, na hakuna sababu ya kutumia mamilioni bila kukifanya.

Injini ya mtumba kutoka Japani

Ikithibitika kuwa injini imekwisha, njia ya kwanza ni kununua ya mtumba. Maduka ya Gerezani na Kariakoo jijini Dar es Salaam ni maarufu kwa biashara hiyo.

Wengi hujiuliza kwa nini Wajapani watupe injini nzima. Sababu kubwa ni sheria zao. Nchini Japani gari binafsi hupelekwa kwenye ukaguzi wa lazima linapofikisha miaka mitatu, na baada ya hapo kila miaka miwili. Gharama za ukaguzi huo huwafanya wengi waachane na magari ambayo bado yanatembea. Aidha, sheria za kupunguza moshi za mwaka 1992 na 2001 zilibana magari ya zamani ya dizeli katika miji mikubwa, na kuanzia Oktoba 2003 Tokyo na mikoa jirani ilizuia yale yasiyotimiza viwango. Injini nyingi za dizeli zilisafiri kwa njia hiyo kwenda nchi nyingine.

Ubora wa mtumba ni kwamba kazi inakwisha haraka. Injini ikiwa ya familia moja na iliyotoka, mafundi hawahangaiki sana. Kwa mfano, mwenye 2L ya sentimita za ujazo 2,446 anaweza kufunga 3L ya 2,779 au 5L ya 2,986 bila kubadili mambo mengi, kwa kuwa ni ndugu.

Hatari yake ni kwamba ndani hakuonekani. Kuoshwa na kupakwa rangi si ushahidi wa uzima. Mnunuzi aende na fundi wake, aombe injini iwashwe hapo hapo chini kwa betri na dumu la dizeli, kisha ipimwe kompresheni. Achomoe kijiti cha oili aangalie: oili yenye rangi ya maziwa ina maji. Afungue kifuniko cha juu pia, maana tope jeusi na gumu ni dalili kwamba oili haikuwa ikibadilishwa. Muuzaji asiyekubali vipimo hivyo ameshajibu swali.

Tahadhari nyingine ni kwa injini za kisasa zaidi zinazoendeshwa kwa kompyuta, kama 1KZ-TE. Zina nguvu, lakini zinahitaji kompyuta yake, nyaya zake na vihisio vyake vyote. Atakayeinunua bila vitu hivyo amenunua nusu ya injini. Na hata akivipata, ajiulize nani ataitengeneza ikigoma kijijini.

Kuunda upya injini yako

Njia ya pili ni kuipeleka injini ya zamani kwenye karakana yenye mashine za kuchonga na kuiunda upya. Wengi wanaiita ovahoo, lakini neno hilo limechakaa. Zipo gereji zinazobadilisha ringi na gasketi tu na kuiita kazi hiyo ovahoo. Ringi mpya ndani ya silinda iliyolika hazidumu, na baada ya muda mfupi moshi hurudi.

Kuunda upya kwa kweli huanza na vipimo. Injini hufunguliwa yote na bloki kuoshwa. Fundi hupima kila silinda juu, katikati na chini ili kuona imelika kiasi gani. Vipimo hivyo ndivyo vinavyoamua saizi ya pistoni za kununua. Saizi za juu kwa kawaida huzidiana kwa robo milimita: 0.25, 0.50, 0.75 na 1.00, ingawa si kila injini ina saizi zote madukani. Silinda iliyolika kupita saizi hizo huwekewa slivu mpya.

Hapa kuna kosa linalowagharimu wengi: kuchonga silinda kwanza, kisha kutafuta pistoni. Utaratibu sahihi ni kununua pistoni kwanza na kuzipeleka karakana, ili silinda zichongwe kufuata pistoni zenyewe. Nafasi inayotakiwa kati ya pistoni na silinda ni mia chache tu za milimita. Ikiwa ndogo mno pistoni hukwama injini ikipata moto, na ikiwa kubwa injini hugonga na kula oili.

Krankshafti nayo hupimwa, na ikibidi husagwa na kuwekewa beringi za saizi inayolingana. Silinda hedi hupimwa unyoofu wake na kuangaliwa nyufa, na valvu husagwa zikae vizuri. Pampu ya dizeli na nozeli hupelekwa kwa fundi wa pampu, maana nozeli mbovu inayomwaga dizeli badala ya kuipuliza inaweza kutoboa pistoni mpya.

Kazi hii huchukua siku nyingi kuliko kufunga mtumba, na gharama yake hutegemea kilichokutwa ndani. Faida yake ni kwamba mwenye gari anajua kila kilichomo. Adai karatasi ya vipimo, na adai kurudishiwa pistoni, ringi na beringi za zamani. Fundi mkweli hana sababu ya kuficha spea zilizotoka.

Kilichoiua ya kwanza

Jambo linalosahaulika zaidi ni kuuliza kilichoiua injini ya kwanza. Rejeta iliyoziba kutu iliyochemsha injini ya zamani itachemsha na mpya. Kabla ya kuwasha, rejeta ifunguliwe na kusafishwa, mipira ya maji ibadilishwe, na maji ya bomba yaachwe kwa ajili ya kupikia. Injini iwekewe kipoozeo kinachozuia kutu.

Mafundi wengi wana mazoea ya kutoa themostati wakidai inachemsha gari. Katika injini nyingi kifaa hicho kikifunguka huziba njia ya mkato ya maji. Kikitolewa, sehemu ya maji huzunguka bila kupita kwenye rejeta, na gari lenye mzigo mlimani huweza kuchemka zaidi. Themostati mbovu ibadilishwe, isitupwe.

Kwa barabara za vumbi, muuaji mwingine ni hewa chafu. Mpira uliopasuka kati ya chujio la hewa na injini hupitisha vumbi moja kwa moja hadi kwenye silinda, ambako hufanya kazi ya msasa. Injini mpya inaweza kumalizwa na mpira wa bei ndogo.

Aidha, injini ikiwa bado chini, ndio wakati wa kubadili taimingi belti, pampu ya maji, sili ya nyuma ya krankshafti na sahani ya klachi. Injini za familia ya L hutumia taimingi belti, na belti ya injini ya mtumba haijulikani imetembea kiasi gani. Ikikatika, valvu hugongana na pistoni na kazi yote inaanza upya.

Usisahau kadi

Namba ya injini na ukubwa wake vimeandikwa kwenye kadi ya gari. Anayeunda upya bloki yake mwenyewe hana la kubadili, kwa kuwa namba inabaki ile ile. Anayefunga injini nyingine lazima apeleke mabadiliko hayo Mamlaka ya Mapato (TRA) ili kadi isomeke namba mpya.

Kwa hiyo adai kutoka kwa muuzaji risiti ya EFD yenye namba ya injini, pamoja na nyaraka zinazoonyesha ilivyoingia nchini. Injini isiyo na karatasi inaweza kuwa imetoka kwenye gari la wizi. Pia gari ambalo namba zake hazilingani na kadi huleta mgogoro siku ya kuliuza, au siku ya kudai bima baada ya ajali. Makubaliano ya dhamana nayo yaandikwe: ni ya siku ngapi, na kama yanahusu injini tu au na gharama ya kuifunga na kuifungua. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari.

Kilomita elfu moja za kwanza

Injini iliyoundwa upya haitakiwi kupelekwa moja kwa moja kwenye mzigo. Kwa kilomita 1,000 za kwanza ibebe nusu ya mzigo au pungufu, isikimbizwe sana, na wala isiachwe ikinguruma muda mrefu gari likiwa limesimama. Oili na chujio lake vibadilishwe mapema, kati ya kilomita 500 na 1,000, kwa kuwa chembe za chuma za mwanzo hubaki humo. Kama aina ya injini inahitaji bolti za hedi kukazwa tena, fundi aifanye kazi hiyo wakati huo.

Kwa mkulima mwenye mzigo shambani, kungoja huko ni kugumu. Ndiyo maana wakati mzuri wa kubadili injini ni baada ya mavuno, fedha ikiwa mkononi na gari likiwa halina haraka. Anayesubiri hadi moshi umfunike barabarani hana muda wa kupima, na hununua injini ya kwanza anayoonyeshwa.

Njia yoyote atakayoichagua, anunue daftari pamoja na injini. Aandike siku ilipofungwa, kilomita, oili iliyowekwa, na kila safari ya mzigo. Akifika ile ya 125 na kijiti cha oili bado kinasoma juu, atajua kuwa pikapu yake kuukuu imeanza kumlipa.