Macho Yakienda, Kazi Inabaki: Somo la Mizinga ya Nyuki



Hapa kwetu Ibanda mtu akipoteza macho, jamaa inamhurumia kwa moyo wote. Wanamkalisha kwenye kiti, wanamletea chakula, wanasema « Mungu atasaidia ». Lakini hakuna anayemuuliza tena: wewe unapenda kufanya nini? Nimeyaona hayo kwa mwenzetu mmoja wa agronomia, aliyepata glokoma kabla ya kumaliza lisansi. Macho yalizimika kidogo kidogo, na simu za marafiki nazo zikapungua. Siku moja akaniuliza: « Udongo nimeusoma miaka yote hii, sasa nitaupeleka wapi? » Swali lake njo linanifanya niandike.

Tuanze na jirani. Ojok Simon ni mtu wa kaskazini ya Uganda. Akiwa mtoto, wakati wa vita ya kule, alipigwa na watu wenye silaha, macho yakaharibika, akabaki anaona kidogo tu. Alijifunza kufuga nyuki, akaenda kusoma kwenye taasisi ya kanthari, Kerala, India, kisha akaanza kufundisha wasioona wenzake kazi hiyo ya nyuki. Mwaka 2017 alikuwa kati ya watu 3 wa kwanza kupata Tuzo ya Holman, inayotolewa San Francisco, Marekani. Tuzo hiyo ina jina la James Holman, Mwingereza wa jeshi la majini aliyepofuka akiwa na miaka 25, kisha akazunguka dunia na fimbo yake na kuandika vitabu vya safari.

Kipofu na nyuki, inawezekana namna gani? Fikiri kidogo: ndani ya mzinga ni giza. Nyuki mule anapapasa, ananusa, anasikia mtetemo. Hata ile ngoma ya kuonyesha wenzake upande wa maua, ambayo Karl von Frisch aliichunguza mpaka akashiriki Nobeli ya 1973, kwa kawaida nyuki anaicheza gizani. Basi mfugaji asiyeona anaingia kwenye nyumba ambayo wenyeji wake nao hawategemei macho.

Chukua mzinga wa Kenya, ule wa vipande vya mbao juu. Kila kipande kina upana wa milimita 32 hivi, na vyote vimebanana. Mfugaji anavihesabu kwa vidole, anainua kimoja kimoja. Sega lenye asali ni zito. Asali iliyoiva, nyuki wanaifunika kwa nta, kwa hiyo ukigusa hauingii kwenye matundu. Mlio ukigeuka mkali, anajua wamekasirika, anaongeza moshi. Kamba kutoka nyumbani mpaka kwenye mizinga inaweza kumwongoza njia. Kuumwa kupo, lakini nyuki hawachagui: sisi tunaoona pia wanatuuma.

Sasa turudi kwenye swali la udongo. Wana agronomia, kumbukeni pratiki ya kwanza: unalowanisha udongo, unausugua kati ya vidole. Mchanga unakwaruza. Mfinyanzi unanata, unaweza kuuviringisha kama kamba bila kukatika. Kumbe sehemu ya ufundi wetu haijawahi kuwa ya macho! Kila kazi ina sehemu kama hiyo, na mtu anajengea maisha mapya hapo: kwanza ile anayoipenda na mikono yake inaikumbuka, kisha anabuni vya kwake, iwe mishumaa ya nta, muziki au kuandika.

Haiji siku moja. Kwanza kuna kilio, na tusikikatishe. Kisha fimbo nyeupe na kujifunza njia, na vitu vya nyumbani kubaki mahali pake. Kisha kusoma upya: nukta 6 za Braille, au simu inayosema. Simu nyingi za Android zina TalkBack, iPhone ina VoiceOver. Kwenye kompyuta kuna NVDA, programu ya bure iliyoanzishwa mwaka 2006 na Michael Curran, Mwaustralia asiyeona.

Hapo njo kazi yetu inaanza. Silabasi iliyopigwa picha na kutumwa kwenye grupu ni bubu: mara nyingi programu inaona picha tu, haisomi neno. Tukituma maandishi yenyewe, mwenzetu anasoma usiku huohuo. Sheria ya tarehe 3 Mei 2022 inalinda haki za watu wenye ulemavu katika nchi yetu, lakini sheria haitapiga simu kwa niaba yetu.

Kama unamjua mtu aliyefungiwa nyumbani kwa sababu ya macho, umpigie leo. Usianze na « pole ». Muulize anapenda kufanya nini, kisha mtafute pamoja ni sehemu gani ya kazi hiyo mikono yake tayari inaijua.