Je, Wajua? Koti la mvua laweza kukulowesha kwa jasho
Safari ya Mlima Meru, wenye zaidi ya mita 4,500, huanzia kwenye msitu wenye mvua na kuishia kwenye baridi ya kugandisha, pengine theluji. Koti la plastiki huzuia mvua lakini hufungia jasho ndani. Ukisimama kupumzika, unaanza kutetemeka. Suluhisho ni koti lenye utando alioubuni Mmarekani Robert Gore mwaka 1969. Utando huo una vitundu vidogo mno: tone la maji halipiti, mvuke wa jasho hupita.

Ukinunua koti la mtumba la aina hiyo Arusha, kagua mishono kwa ndani: iwe imezibwa kwa utepe usiobanduka. Kisha linyunyizie maji. Yakiteleza, safi; kitambaa kikiyanywa, koti linahitaji kufuliwa na kupakwa dawa ya kuzuia maji. Likiwa na zipu za kwapani, bora zaidi.