Utando Uliobeba Ngozi ya Mtoto

Habari za mtoto yule wengi tulizisoma. Mwaka 2015, akiwa na miaka 7, mkimbizi kutoka Syria alilazwa Bochum, Ujerumani. Ugonjwa wa kurithi na bakteria vilikuwa vimemwambua ngozi ya juu zaidi ya nusu ya mwili. Kutoka kipande cha ngozi yake cha sentimita 4 za mraba, maabara ya Modena, Italia, ilimrekebishia jeni na kumwoteshea ngozi iliyofunika asilimia 80 ya mwili wake.

Mimi nilinasa kwenye kitu ambacho magazeti yalikipita: fibrini, utando uliobeba seli za ngozi hiyo.

Fibrini ndiyo protini inayofuma wavu damu inapoganda kidondani. Zamani seli zilioteshwa kuwa tabaka juu ya plastiki, kisha kimeng'enya kikalibandua. Likibanduliwa, tabaka hilo lenye unene wa seli chache husinyaa na kujikunja, na daktari hupata taabu kulitandaza bila kulichana. Fibrini haihitaji kubanduliwa. Inalazwa kidondani pamoja na seli zake, halafu mwili wenyewe unaiyeyusha taratibu, jinsi unavyoyeyusha damu yoyote iliyoganda. Bochum walianza kwa kujaribu njia zote mbili. Sehemu zilizobaki wakazifunika kwa fibrini tu.

Graziella Pellegrini, mwanabiolojia wa timu ya Modena, alikuwa amelishikilia suala la fibrini tangu miaka ya 1990, wakati madaktari wengi wa majeraha ya moto walipokuwa wakiikatia tamaa ngozi ya maabara. Ngozi hiyo ilishika, kisha ikapotea. Mwaka 1999, yeye na wenzake waliandika kwamba seli shina, zile zinazoizalisha ngozi upya, zilikuwa zikimalizikia maabara kwa sababu ya ukuzaji mbaya. Mgonjwa alipelekewa seli zilizokaribia mwisho wa uhai wao. Kwa Pellegrini, kibebeo hakipimwi kwa wepesi wa kukishika tu. Lazima uhakikishe seli shina zimo, na bado ni seli shina. Alizitafuta juu ya fibrini, akazikuta.

Mtoto wa Bochum alithibitisha hoja hiyo: ngozi yake yote mpya ilikuja kutegemea seli shina chache zenye maisha marefu.

Ripoti ya mwaka 2021 ilieleza kuwa baada ya miaka 5 ngozi ilikuwa imara, bila saratani. Hata hivyo, virusi vilivyotumika kuingiza jeni kwenye seli hujichomeka sehemu nyingi tofauti za vinasaba, jambo linaloweza kuchochea saratani. Kwa mtu ambaye wakati huo ndio kwanza alikuwa akibalehe, miaka 5 inatosha kututoa hofu? Na ngozi hii isiyoota tezi za jasho itamfaaje akihamia nchi ya joto?