Disemba Kianjai: Mbona msosi ni mob lakini ganji ya miraa imelala?

Ikifika katikati ya Disemba, mathree za kwenda Meru zinajaa hapo tao na nauli inapanda bila huruma. Wasee wanaenda ocha. Kama ocha yenu ni Kianjai, ama umepata mresh wa huko na hii ndio mara ya kwanza kupelekwa kwao, kuna kitu kitakuchanganya. Meza itajaa dishi mpaka ushindwe, halafu mzae akae hapo kando akisema mwezi huu ni mgumu.

Wasee wa Nairobi husikia hivyo wanadhani mzae ni mkono birika. Si ana miraa? Si veve ni pesa kila siku? Zii. Mzae hadanganyi. Ukielewa vile mvua, miraa na maharagwe zinafuatana, utaona Disemba ya Kianjai iko vile iko kwa sababu.

Kwanza, hii Kianjai iko side gani?

Iko Tigania Magharibi, kaunti ya Meru, kwa barabara ya kutoka Meru mjini kwenda Maua. Ukitoka Makutano unapita Nchiru, penye Chuo Kikuu cha MUST na makao ya wazee wa Njuri Ncheke, halafu unafika Kianjai. Ukiendelea mbele kuna Muriri, Kangeta na Maua, na milima ya Nyambene ndio hiyo. Kule juu kwa milima ndio nyumbani kwa miraa. Ukishuka upande wa chini kwenye joto, unakutana na mahindi, maharagwe, ndengu na kunde. Kwa hivyo Kianjai inakula kutoka pande zote mbili.

Kuna miji ya dunia inaishi kwa zabibu za mvinyo, kutoka Ufaransa mpaka Dodoma hapo Tanzania, na kila kitu cha familia kinafuata mavuno. Huku ni hivyo hivyo, tofauti ni kwamba zabibu haivunwi kila wiki. Mti wa miraa unachunwa, unapumzika kidogo, unachipua, unachunwa tena. Ganji inaingia kidogo kidogo mwaka mzima, na bei haikai mahali pamoja.

Mvua ikinyesha, bei inaanguka

Mvua kubwa ya upande huu ni ile ya Oktoba mpaka Disemba. Miraa ikipata maji inachipua kila mahali, kwa kila shamba, kwa wakati mmoja. Soko linajaa. Ni hesabu ile ile ya sukuma wiki: ikiwa mob, mama mboga anakuongezea bure. Jua likiwaka na miti ikigoma, mwenye ameweza kupata chipukizi chache ndio anaomoka.

Sasa utauliza, si mkulima aweke stoo angoje bei? Hawezi. Nguvu ya miraa iko kwa kemikali inaitwa kathinoni, na majani yakikauka inabadilika kuwa kitu dhaifu zaidi. Baada ya kama siku mbili hivi, hakuna msee anataka hiyo jaba. Ndio maana inafungwa kwa majani ya ndizi ikae mbichi, na ndio maana zile pikapu za miraa zinapaa barabarani kama zinafukuzwa. Zinawahi Eastleigh na uwanja wa ndege. Mkulima anachukua bei ya siku hiyo ama anakosa yote.

Weka hizo mbili pamoja: Disemba bei iko chini, na haiwezekani kungoja. Halafu ni mwezi huo huo kila mtu anarudi nyumbani, na Januari fee inabisha mlango.

Mti ni wa mzae, maharagwe ni ya mathe

Hapa ndipo familia inajulikana vizuri. Kwa desturi ya huku, miraa ni mambo ya wanaume. Wao ndio wenye miti, wao ndio wanapanda juu kuchuna, na pesa inaishia kwa mfuko wao. Wamama wana mahindi, maharagwe, ndizi na kuku. Si sheria imeandikwa, na siku hizi kuna wamama wako kwa biashara ya miraa kabisa, lakini kwa boma nyingi mambo bado yanaenda hivyo.

Mvua ile ile inayoangusha bei ya mzae ndio inaivisha shamba la mathe. Maharagwe ya Oktoba yanaanza kuwa tayari mwisho wa mwaka, mahindi mabichi yanafuata, mboga ziko kila kona. Kwa hivyo mfuko wa miraa ukilala, sufuria ya mathe inaamka. Mukimo unaokula hapo, wenye ndizi za kijani, mahindi, maharagwe na mboga, haukununuliwa kwa supamaketi. Umetoka nyuma ya nyumba. Uji nao ni ule uliochacha kidogo, unakunywa kikombe kimoja unasahau lunch.

Vya kununua ni unga ya chapo, mafuta, mchele wa pilau na nguo za watoto. Chapo ndio inaambia watoto leo ni Krismasi. Mbuzi akichinjwa, usikimbilie kipande chochote unachotaka. Nyama inagawanywa kwa heshima, wazee wana yao, wamama wana yao. Ngoja upewe.

Si miraa ya kuchana tu

Msee wa mtaa anajua jaba na njugu na Big G. Kianjai miraa ina kazi nyingine. Ukitaka binti wa Meru, kuna bunda spesheli linaitwa ncoolo, lenye miraa safi iliyofungwa vizuri, linalopelekwa kwa wazee kufungua mazungumzo. Ukienda mikono mitupu ukidhani utaongea Kizungu upite, utarudi vile ulikuja. Na kwa kuwa Disemba watu wote wako nyumbani, ndio mwezi wa hizo ziara.

Ni mwezi pia wa vijana kutahiriwa, kwa sababu likizo ni ndefu. Kijana akiwa anapona, boma inamlisha vizuri, na majirani huleta chao. Hiyo pia ni gharama ambayo mtu wa Nairobi hahesabu.

Soko likifungwa, sahani inajua

Mwaka wa 2013 Uholanzi ilipiga miraa marufuku, na Juni 2014 Uingereza ikafuata. Machi 2020, korona ikiingia, Somalia ikafunga ndege za miraa, na haikufungua tena mpaka Julai 2022. Hiyo ni zaidi ya miaka miwili bila soko kubwa la nje. Mei 2024 ikawa zamu ya muguka wa Embu, magavana wa Mombasa na Kilifi wakiukataza kwao na serikali kuu ikisema marufuku hiyo haina nguvu.

Kwa habari unasikia hizo stori kama siasa. Kwa boma zinasikika kama fee. Shamba la chakula ndilo hubeba familia mwaka kama huo, na ndio maana wazee huchekwa wakisema using'oe maharagwe yote upande miraa, lakini wana pointi. Mwenye alijaza shamba lote mti mmoja, soko likifungwa alinunua hata mahindi ya githeri.

Kuna kitu kingine hakisemwi sana. Vijana wepesi ndio wanapanda miti vizuri, na likizo wengi hupata kazi ya kuchuna. Kijana wa miaka kumi na nne akishika doh yake mwenyewe kila siku Disemba yote, Januari kumrudisha darasani ni vita. Bei ikianza kupanda kiangazi kikiingia, ndio vita inazidi, kwa sababu sasa anaona anaacha pesa kwa mti aende kukaa kwa dawati.

Kwa hivyo ukienda, beba nini?

Beba unga, mafuta na sukari, maana hivyo ndivyo havitoki shambani. Salimia wazee kwa heshima, ukisema "muuga" watafurahi. Usimwambie mzae "si uuze jaba kidogo", umeshajua mbona hapana. Na kama kuna ndugu mdogo anarudi shule Januari, ongea naye kabla hujapanda mathree ya kurudi. Mtu ametoka Nairobi husikizwa kuliko mzazi. Ukiweza kuchangia fee hata nusu, changia mapema, kabla mvua iishe na miti ianze kulipa vizuri.